Nzige ya Waya

Bukavu-Muhumba, tarehe 14/11/1998

Mudogo wangu Georgette, Mama Larissa,

Kama hii karatasi imekufikia, basi mikono yote yenye iliipitisha ilikuwa mizuri, kuanzia Sister Clémence mwenye anaipeleka Nairobi, mpaka ule mwenye atagonga mulango wako huko Kinshasa. Sisi tuko. Bwana yangu Barthélemy anakusalimia sana, wewe na bwana yako Willy. Bado anaenda ku bureau kule université kila asubuhi na shati yenye imepigwa pasi, hata kama mushahara hauji.

Najua unaruka haya yote kwa kutafuta jina moja. Larissa iko muzima. Ulipomutuma kwetu mu vacances, ilikuwa akae mwezi moja tu. Nani alijua vita itaanguka mwezi wa nane na ndege za Kinshasa zitakatika? Anakula vizuri. Jino lake la mbele limetoka. Kila jioni anauliza mama atakuja na ndege gani. Nisaidie, tuma photo yako, hata ndogo. Jana aliniambia nywele zako ziko kama za Mama Mugisho, jirani yetu, na hiyo si kweli.

Maternelle yenye ninafundisha watoto wadogo imefungwa. Risasi zinalia upande wa Kasha, na juma lililopita walimupiga risasi muuza makala mbele ya kanisa. Alibaki pale barabarani na kichwa kimefunguka mpaka jioni, kila mutu anaogopa kumuokota. Watoto wa hapa walipita karibu naye wakienda kuchota maji. Kwa hiyo nimeanza kuwakusanya ndani ya parcelle, hapa kiwanjani kwangu, ili macho yao yapate kitu kingine.

Sina madaftari wala rangi. Tunatengeneza wanyama na takataka za nyumbani. Karto tupu ya sabuni inakuwa ng'ombe, magunzi ya mahindi ndiyo miguu yake. Chupa ya mafuta tunaibandika vifuniko vya bia ya Primus, inakuwa samaki. Gundi ni unga wa muhogo tunapika. Barthélemy anatuletea karto za bureau ndani ya mufuko, na akifika anakaa chini kati ya watoto na viatu vyake vya kazi. Mugisho, mutoto wa jirani, iko na miaka ine, alitengeneza kuku yenye haiwezi kusimama. Alianza kulia. Barthélemy akamuambia kuku yake haikuanguka, imelalia mayai, na watu wasipite karibu. Mutoto alifukuza kila mutu mpaka jioni.

Willy aendelee vizuri. Andika upesi.

Yaya wako, dada mukubwa,
Colette


Kinshasa-Lemba, tarehe 20/01/1999

Yaya Colette,

Barua yako ilifika ndani ya kiatu cha mufanyabiashara mwenye alitoka Nairobi. Ilikuwa na harufu ya muguu wake, na nilinusa hivyo hivyo, juu ilitoka kwako. Willy anakusalimia, na shemeji Barthélemy umupe mukono wangu. Hapa chakula kimepanda bei, lakini tunalala na kitu tumboni.

Kazi ya kuzalisha ku maternité niliacha mwezi wa tisa. Nilichoka. Siku hizi ninabaki ku nyumba, ninashona nguo za majirani.

Juu ya photo, photographe wa hapa kwetu alifunga. Tutaona baadaye. Mwambie Larissa nywele zangu ziko fupi sasa.

Ninakuomba kitu kimoja, usiniulize sana: umufundishe Larissa Lingala. Hata ya kusalimia tu, na ya kuomba njia. Hata kama anaicheka, umufundishe. Hapa tukiwa inje hatuongei Swahili. Willy akiniona ninataka kufungua kinywa ndani ya bus, ananifinya.

Nilicheka juu ya ile kuku. Ilikuwa siku nyingi sijacheka, Willy alitoka chumbani kuangalia. Mwambie Larissa anitengenezee munyama moja, wa kwake peke yake, asisaidiwe na mutu. Auweke mpaka siku tutaonana. Nataka awe na kitu cha kunipa.

Mudogo wako,
Georgette


Bukavu-Muhumba, tarehe 02/05/1999

Georgette,

Salamu kwako na kwa Willy. Mvua haijaacha, maharagi imeoza mashambani, na majirani wengi wamekimbilia kwa ndugu zao.

Larissa iko muzima. Ninarudilia: iko muzima, hana kidonda hata kimoja, nimemuosha miye mwenyewe na nimeangalia.

Mugisho iko ku hospitali ya Katana. Taya yake imevunjika. Mama yake analala naye kule, miye ninawapelekea unga wakati njia iko wazi.

Barthélemy haiko nyumbani.

Wanyama tumeacha. Lingala pia tumeacha, juu Larissa hasemi sana siku hizi, lugha yoyote. Ukimuandikia, usimuulize juu ya kitu ulimuomba. Tafadhali usimuulize.

Tafuta njia ya kumuchukua. Sister Clémence anasema kuko njia, mutu akiwa na karatasi: mashua mpaka Goma, halafu Nairobi, halafu kwenu. Mwone padri wa parokia yenu. Sitaki huyu mutoto abaki hapa.

Colette


Kinshasa-Lemba, tarehe 30/06/1999

Yaya wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Willy iko, miye niko. Padri wa hapa ameahidi kusaidia na karatasi za Larissa, na ameshaanza.

Mwenye alileta barua yako ni Edouard, muuzaji wa vitenge, mutu wa huko kwetu. Nilimupa maji, nikamuuliza habari za Barthélemy wa université. Aliangalia viatu vyake. Halafu akasema, "Pole mama, nilifikiri unajua. Tulimuzika mwezi wa ine."

Yaya, "haiko nyumbani"! Nilisoma yale maneno mara nyingi, nilifikiri labda amejificha Katana, labda mumegombana. Nilikuwa nikimuombea aende salama, na alikuwa ndani ya udongo.

Sikukasirikii. Nami nilikuficha. Acha niseme yangu, halafu nawe useme yako.

Mwezi wa nane, vita ilipokaribia Kinshasa, vijana walifunga barabara wakitafuta watu wa mashariki. Walisema sisi wote tuko waasi. Nilikuwa ninatoka ku kazi, bado na blouse ya maternité. Ku barrière yao kulikuwa mutu anaungua. Alikuwa bado anasogea, yaya. Alikuwa anatafuta kukaa, kama mutu mwenye anaamka kitandani. Kijana moja akanishika kola akaniambia niseme neno kwa Lingala. Weye unajua ninaisema tangu nilipoolewa. Ile siku haikutoka. Nilifungua kinywa na ni Swahili tu ilitoka, nikawa ninawaomba kwa lugha yenye ilikuwa inaniua.

Walinivalisha pneu, mupira wa gari, shingoni. Wakamwaga essence, petroli ya gari, na moto ukashika. Muke moja, muuza mikate, akapenya kati yao akinitukana na kuwatukana wao pia, anapiga kelele kwamba ni miye nilimuzalisha mapacha yake. Aliivuta ile pneu na mikono yake. Vidole vyake vya mukono wa kuume havifungi tena. Miye niliungua kuanzia sikio la kushoto mpaka ku bega. Sikio lenyewe halipo. Ndiyo sababu nywele zangu ziko fupi, na ndiyo sababu hakuna photo. Niliogopa mutoto wangu ajifunze ile sura kabla ya kujifunza yangu mwenyewe.

Basi. Yangu imetoka. Sema yako.

Georgette


Bukavu-Muhumba, tarehe 12/09/1999

Mudogo wangu,

Niliweka mukono wangu ku sikio langu la kushoto nikisoma, na nilibaki hivyo mpaka Larissa akaniuliza kama linaniuma. Mushukuru ule muke wa mikate kwa jina langu. Mugisho ametoka hospitali. Anakunywa uji na murija, mama yake anakusalimia.

Sasa yangu. Nitasema mara moja.

Nilimupa Larissa ujumbe wako, na alifurahi sana. Alitaka kukutengenezea nzige, kubwa, yenye inaweza kuruka mpaka Kinshasa. Jirani alikuwa ametutupia radio mbovu. Larissa alichukua ule mwili wa radio, akaufungia miguu ya waya iliyokunjwa magoti vizuri, na mabawa ya mufuko wa plastiki. Antenne aliivuta ikawa pembe ya nzige. Alifanya peke yake kama ulivyoomba. Ilikuwa nzuri kuliko yote tuliyofanya.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mchana, jua kali. Tulikuwa inje na watoto, wanyama wote wamepangwa juu ya ukuta mufupi ili gundi ikauke. Camionnette ya askari ikasimama na mulango wa parcelle ukaanguka ndani. Walisema wanatafuta silaha. Walianza kupiga teke kila kitu. Ng'ombe, samaki, vyote chini ya buti. Moja akakanyaga kuku ya Mugisho, na ule mutoto akamukamata muguu na kumuuma. Askari akageuza bunduki na kumupiga kitako usoni. Sauti yake ilikuwa kama mutu anavunja kuni kavu. Mugisho hakulia. Alikaa chini na akaanza kutema meno ndani ya kiganja chake, anayaangalia.

Mukubwa wao aliona nzige. Aliinua na antenne yake, akasema ni phonie, chombo cha kuongea na watu wa musituni. Nilimuambia, "Afande, ni muchezo wa watoto, angalia mabawa." Alinipiga nayo mudomoni. Nilianguka, akanikanyaga tumboni, na nikiwa pale chini nikasikia anauliza kwa sauti ya utulivu kabisa nani alitengeneza.

Barthélemy ndiyo alikuwa anaingia, amebeba mufuko wake wa karto. Aliangalia watoto, akaniangalia. Akaweka mufuko chini.

"Ni yangu," akasema. "Ni miye nilitengeneza."

Hakujua hata ni kitu gani, Georgette. Alikuwa hajawahi kuiona.

Walimufunga viwiko nyuma mpaka kifua kikatokeza. Walimupiga pale mbele ya watoto na kamba ya umeme, na alipoanguka walimuvuta na miguu mpaka ku camionnette, uso wake unapita juu ya mawe. Kiatu kimoja kilibaki.

Nilienda ku gereza lao kila asubuhi na chakula. Walikula wao. Halafu wavuvi wakamukuta kando ya muto Ruzizi. Miye na Mama Mugisho tulimuosha. Hakuwa na kucha, na kifua kilikuwa laini mahali pasipopaswa kuwa laini. Nilimuvalisha shati yenye nilikuwa nimepiga pasi kwa juma lenye lilikuwa linakuja.

Nilikuandikia "haiko nyumbani" juu mukono wangu ulikataa kuandika neno lingine. Si kwa kukudanganya.

Karatasi za Larissa zimefika. Ataondoka na Sister Clémence mwezi wa kumi na moja. Nitampa kilemba changu cha bluu, anapenda kukilalia. Kama unaniuliza kama nataka aende, usiniulize. Nyumba hii itabaki na miye na kuta. Lakini aende.

Kingine cha kusema hakuna.

Colette


Kinshasa-Lemba, tarehe 17/01/2000

Yaya Colette,

Mwaka mupya ukukute na nguvu. Willy anakusalimia. Amekuwa mutu wa kucheka ovyo tangu Larissa afike, hata anaimba akinyoa ndevu.

Ndiyo, amefika. Sister Clémence alimushika mukono mpaka mbele yangu pale uwanja wa ndege wa Ndjili. Nilikuwa nimejifunika kitambaa, lakini upepo wa pale unaujua. Larissa aliona shingo yangu akasimama. Watu walikuwa wanapita na mizigo, wanajeshi kila mahali, na miye toka mwezi wa nane ule nilikuwa sijasema neno la Swahili inje ya nyumba. Nikapiga magoti nikamuita kwa nguvu, "Larissa, mutoto wangu, kuja huku kwa mama." Watu waligeuka. Wacha wageuke. Alikuja, akanusa shingo yangu upande wenye haukuungua, akasema, "Ni yeye," kwa Sister Clémence, kama mutu anapokea mufuko wake.

Sasa sikia kitu chenye kimenifanya niandike upesi.

Alikuwa analala vizuri, anakula. Juzi Willy akamuletea karto ya viatu na waya kidogo, akijua alikuwa anatengeneza wanyama kwako. Larissa alikojoa pale aliposimama. Nilimubeba chumbani, nikamubadilisha nguo, na akasema. Anasema ule mukubwa wa askari alipouliza nani alitengeneza, ni yeye alinyosha kidole, kama munavyofanya mu classe. Akasema, "Ni miye." Halafu ndiyo tonton Barthélemy akaingia na akasema huyu mutoto anadanganya, ni yake yeye. Na wakamuchukua.

"Ni miye nilimuuwisha tonton," akaniambia. Akauliza kama polisi wa Kinshasa wanajua.

Yaya, uliniandikia kila kitu, hata kucha, na hiyo haukuandika. Ninaelewa kwa nini. Ulifikiri yeye amesahau, na hukutaka miye nijihesabie kosa juu ile nzige ilikuwa ya kwangu. Ninajua. Ni miye niliomba kitu. Ninalala na hiyo.

Lakini miye ni mutu mukubwa. Yeye iko na miaka saba. Ninamuambia si kosa lake, haniamini, anasema sikuwa pale. Iko na haki. Weye ulikuwa pale. Muandikie yeye mwenyewe, nitamusomea. Mwambie kweli, juu uongo ataujua.

Georgette


Bukavu-Muhumba, tarehe 05/03/2000

Larissa wangu,

Ni mama mukubwa anaongea, mama yako anakusomea. Mugisho anakusalimia. Sasa anatafuna hata mahindi ya kuchoma, lakini upande moja tu, na akiongea mudomo unaenda pembeni. Bado anauma watu. Watoto wamerudi ku parcelle. Walinigongea wao wenyewe, kila mutu na takataka yake mukononi, na sikuweza kuwafukuza. Clarisse mudogo ametengeneza mbuzi na bwate, mukebe wa maziwa. Inanuka.

Nilitaka kukuandikia mapema. Nilianza, nikachana, juu nilikuwa sina kitu cha kweli cha kukuambia isipokuwa kwamba ninakupenda, na hiyo unaijua. Sasa nina kitu.

Unamukumbuka Papa Constantin, mwenye alikuwa anafanya kazi na tonton bureau moja? Nywele nyeupe, anakohoa akicheka. Askari walimufunga yeye pia, siku moja na tonton, na walikuwa chumba kimoja. Wamemuachilia sasa. Alikuja hapa na fimbo, juu miguu yake waliiharibu. Alikaa ku kiti cha tonton na akaniambia kila kitu.

Ile siku asubuhi, wakati weye ulikuwa bado unakunja miguu ya nzige, askari walikuwa wameenda ku bureau kumutafuta tonton Barthélemy. Yeye. Kwa jina lake. Kuko siku watu wa Bukavu walikubaliana kubaki nyumbani, maduka yote kufungwa, kuonyesha askari hatuwataki. Ku bureau ni tonton aliwaambia wenzake wasije ku kazi. Mutu moja alisema jina lake kwa askari. Askari walipofika ku bureau, tonton alikuwa amepita mulango wa nyuma. Papa Constantin alimuambia akimbilie Katana na mashua. Tonton akasema atapita kwanza nyumbani.

Kwa hiyo sikia vizuri, mutoto wangu. Ile camionnette ilikuja kwetu juu ya tonton; maneno ya kutafuta silaha yalikuwa ya kisingizio. Ilikuwa njiani wakati hakuna hata askari moja amejua uko na nzige. Ungenyamaza, wangemuchukua. Ungekuwa Kinshasa na mama, wangemuchukua. Na siku zote zile mu gereza walimuuliza juu ya wenzake, juu ya ile siku ya maduka kufungwa. Nilimuuliza Papa Constantin mara tatu, na mara zote alijibu moja: hawakumuuliza neno hata moja juu ya nzige.

Unauliza, basi kwa nini tonton alisema unadanganya? Juu aliona kidole chako kiko juu na bunduki imegeuka upande wako. Hakutaka wakuguse. Alikuwa anajua wamekuja kumuchukua, akachagua awaite yeye mwenyewe wamuangalie. Nilikuwa chini pale, damu mudomoni, nilikusikia ukisema na nilinyamaza. Watoto wenzako walinyamaza. Kati yetu wote ni weye tu ulijibu kweli, na tonton alijua ni kweli, na hakukasirika. Papa Constantin anasema mule ndani aliongea juu yako. Alimuambia, "Ule mutoto alinyosha kidole bila kutetemeka." Alisema hivyo akiwa na kiburi, kama baba.

Wenye walimuua tonton Barthélemy ni askari. Walikuwa watu wakubwa, walikuwa na bunduki, na walitaka kumuua.

Georgette, mudogo wangu, hayo maneno ya mwisho umusomee tena kesho, na kesho kutwa, na ukimaliza kumusomea, jisomee weye mwenyewe. Halafu umufundishe kusoma, ayapate bila sisi.

Mama mukubwa wako,
Colette